Tiketi ya uongo ya Bibi

Benye balikomalia Kadutu, hapa Bukavu, banajua: nyumba zinapanda mulima moja juu ya ingine mupaka mulango yenu inakuwa sawa na mabati ya jirani wa chini, na mutoto anaweza kutoka kwao akafika ku sine bila kukanyaga barabara. Ile njia tuliijua vizuri. Sine yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao, tele moja, jenereta nyuma inanguruma, na ku mulango kibao chenye filme za siku zimeandikwa na chaki. Franka 50. Nyingi zilikuwa agasobanuye, zinavuka muto Ruzizi toka Kamembe ya Rwanda, mutu mumoja anaongea juu ya sauti za ndani ya filme, anaeleza, anaongeza yake, fasi ya kubusiana anakuelezea bintu bingine kabisa. Mama hakutakaka tuingie mule na pesa pia hatukukuwaka nayo, kwa hiyo tuliangaliaka kupitia katundu ku mbao, kila mutu na zamu yake.

Sasa waza mutoto wa vile mbele ya PlayStation ya yaya yake, ndiye ndugu mukubwa, CD za kukopi, na muchezo inaanza hivi: kamutoto kenye kofia kubwa ya ncha kanafika mu muji mukubwa kuangalia teatre, kanatoa tiketi yake, banakaambia tiketi ni ya uongo. Halafu kamutoto kengine kanakapeleka juu ya mabati, na ngazi, mupaka banaingia bila kulipa. Niliruka nikasema huyu ni miye!! Yaya hakunikatalia.

Hiyo ni Final Fantasy IX, ya mwaka 2000, CD nne. Yetu ilikuwa ya kifaransa, na mu kifaransa huyo kamutoto wa kofia, Vivi, banamuitaka Bibi, na Zidane, shujaa wa muchezo, akageuzwa Djidane, inaeleweka, ile miaka jina ya Zidane ilikuwa ya mupira. Tulicheka sana juu kwetu bibi ni muke wa mutu. Lakini nilimupenda Bibi kuliko bote, na mupaka leo, nimeshacheza michezo mingi ya role ya zamani, sijaona mwengine mwenye ananigusa vile.

Kitu moja lazima ujue. Hatukukuwa tunacheza, tulikuwa tunaangalia. Maneti, ile ya kuchezea mu mikono, ilikuwa moja, mu mikono ya yaya, sisi batoto ya nyumba pamoja na ba jirani tunajaa mu saluni, chumba ya kukaa, na kwa sababu kifaransa chetu kilikuwa bado kidogo, yaya alikuwa anasoma maandishi na kutueleza mu swahili. Na sauti! Kila mutu na yake, Steiner, askari wa malkia, anaongea kama mukubwa wa polisi, malkia anakohoa. Ile muchezo haina sauti za kuongea, ni maandishi tu na muziki ya Nobuo Uematsu, kwa hiyo sauti zote zenye ninasikia mu kichwa mupaka leo ni ya yaya. Ile ndio ilikuwa sine yetu. Umeme ukikatika mbele ya kusovugarde, kuhifadhi muchezo fasi umefika, saa mbili za kazi zinapotea na hakuna mutu anaongea, tunaenda kulala vile. Karte memwari ya kuhifadhia ilikuwa na fasi 15 tu, ya Bibi hakuna mutu aliruhusiwa kuigusa.

Kumbe aliyeitunga ile hadithi, Hironobu Sakaguchi, yeye mwenyewe alikuwa na roho ya sine. Wakati ileile alikuwa Honolulu anatengeneza filme kubwa ya kompyuta yenye jina ya Final Fantasy, ikatoka 2001, ikakula pesa mingi kuliko zenye ilirudisha, na studio yao ya filme ikafungwa. Nilivyosoma hayo niliumia kwa ajili yake. Lakini niliwaza, mutu huyu filme yake nzuri alikuwa ameshaifanya, iko pale ku CD ya kwanza, mutoto ku mabati na teatre chini yake.

Sasa kilichofanya niandike leo. Hii muchezo ilitoka ku simu tangu 2016, na mwaka jana niliinunua, nikaanza kusoma miye mwenyewe, peke yangu, usiku. Nikafika ku kijiji ya bale bachawi beusi, ku CD ya pili. Kuko mumoja banamuita namba 288, anaelezea kwamba bale benzake banasimama tu siku moja, hawatikisiki tena, karibu mwaka moja tangu batengenezwe, na ndio maana kuko makaburi. Na Bibi ni kama bao.

Nikaweka simu chini. Kwa sababu mu saluni yetu, yaya alisemaka: bale benzake balienda safari, batarudi. Nakumbuka neno kwa neno. Tulikuwa mu 2004, kisha ile Juni ya vita yenye kila mutu wa Bukavu anaijua, tulikuwa tumekaa siku nyingi chini ya kitanda tunasikia masasi, na mu ile saluni kulikuwa batoto benye baba zao hawakurudi. Yaya alikuwa na miaka 16.

Mwezi uliopita alikuja na batoto bake kutusalimia. Nilimuuliza: yaya, unakumbuka namba 288? Akanyamaza kidogo. Akasema, «ulikuwa na miaka munane.» Akaomba simu, tukaiunganisha ku tele, tukaanza upya toka mwanzo. Binti yake mudogo akaja kukaa hapo ku magoti yake, hajajua kusoma, akauliza huyu mwenye kofia anasema nini, na yaya akaanza na ile sauti ya Bibi, ileile, nyembamba, yenye kuogopa kidogo. Bako sasa juu ya mabati. Anaongeza bintu bingi byenye haviko mu maandishi, ninaona kila mustari, na ninanyamaza.