Kula na Kulala Si Mshahara

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Mwanzo 29, mstari wa 15. Yakobo amefika Harani kwa mjomba wake Labani, mikono mitupu. Amekaa mwezi mzima, anakula na kulala pale nyumbani. Ndipo Labani anamwuliza: kwa sababu wewe ni ndugu yangu, ndiyo unitumikie bure? Niambie mshahara wako ni nini.

Labani tunamkumbuka kwa ujanja wake, na ni haki. Lakini swali hilo ni jema, na natamani liulizwe katika kila butiki na kila depo ya Lubumbashi, kuanzia soko la mtaa wetu wa Kenya mpaka kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mnajua inavyokuwa. Mzee ana depo ya unga. Dada yake aliye kijijini anamtuma kijana wake mjini, aje kumsaidia mjomba. Kijana ndiye anayefungua depo asubuhi. Lori likifika anahesabu mifuko ya kilo 25 mmoja mmoja, anaitenga iliyopasuka, anaandika kwenye kaye, yaani daftari, nani amechukua kwa deni. Jioni anakabidhi fedha yote. Anakula pamoja na watoto wa nyumba, nguo anapewa Noeli. Mshahara hakuna aliyeutaja. Akiomba fedha ya viatu anaambiwa, "Kwani wewe si mtoto wa hapa?" Akisema anataka kuoa, mjomba anamwambia angoje, biashara bado haijakaa sawa. Miaka inapita. Siku moja hesabu inapungua bei ya mfuko mmoja, na juma linalofuata tena. Moyoni kijana anasema anajilipa. Mjomba anasema amefuga mwizi. Familia inaitwa, mama wa kijana analia, na hakuna anayeweza kukata shauri, kwa maana hakuna ajuaye kijana alistahili kiasi gani.

Kuchukua kwa siri ni wizi, hilo silifichi. Lakini na ule ujira uliozuiliwa, Waraka wa Yakobo 5:4 unasema unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anausikia. Mwandishi wa waraka huo hakuandika kwamba ukiwa ujira wa mpwa wako unanyamaza.

Wazee wetu waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanaijua vizuri tofauti ya chakula na mshahara. Posho ilikuwa posho, mshahara ulikuwa mshahara. Ni nani angekubali kuambiwa, "Unga umeshapokea, fedha ya nini tena?" Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao elfu 10 waliondoka kwa malipo ya mara moja, na wako walioitia fedha ile katika biashara za nyumbani. Inaniuma kuona mtu aliyedai haki yake kwa kampuni, sasa amekuwa mwenye kazi yeye mwenyewe, na mtoto wa dada yake anampa posho tu.

Turudi Harani, maana Labani aliuliza vizuri kisha hakulishika neno lake. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea, akatumika saba mingine. Baadaye mshahara ukabadilishwa mara kumi. Someni sura ya 31 taratibu nyumbani. Wana wa Labani wanaanza kunung'unika kwamba Yakobo amechukua mali yote ya baba yao. Uso wa Labani hauko tena kama jana na juzi. Mnyama akiraruliwa, hasara ni ya Yakobo. Mchana jua, usiku baridi, usingizi umemkimbia. Raheli naye anaiba terafi, miungu ya nyumbani ya baba yake. Nyumba nzima imeoza, na ilianza na mapatano mazuri kabisa.

Katika sura hiyo Raheli na Lea wanasema baba yao amekula fedha yao, amewahesabu kama wageni. Akina mama wanaouza mbele ya duka kutwa nzima wanalielewa neno hili bila kufafanuliwa. Mume akifariki, ndugu zake wanakuja na kufuli. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi. Lakini mtaji alioutia mama kutoka likelemba yake, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kama haukuandikwa popote, atauthibitisha kwa ushahidi gani?

Mtu atasema: nikiandikiana na ndugu yangu, nitaonekana simwamini. Paulo aliaminiwa na makanisa, na bado alipopeleka mchango hakwenda nao peke yake, asije mtu akamlaumu. Alijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia, ndivyo asemavyo 2 Wakorintho 8.

Basi juma hili mwenye duka aketi na anayemsaidia. Ataje kiasi, na aseme ni franga au dola, kwa sababu franga ikishuka mtapatana upya. Aseme wazi kama chakula na chumba ni nyongeza juu ya mshahara au vimo ndani yake. Iandikwe, wote wawili watie sahihi. Na yeye mwenyewe ajipangie mshahara wake. Mwenye duka anayetoa fedha ya matanga na ya shule moja kwa moja kwenye droo ameshamfundisha kijana njia ya droo. Wale mlioungana marafiki wawili, wa kwaya moja au wa mtaa mmoja, andikeni sehemu ya kila mmoja mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja. Chini ya OHADA, zile sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika ambazo nchi yetu iliingia mwaka 2012, watu wawili wanaweza kuandikisha kampuni kwa jina lao.

Tuombe. Bwana, wakumbuke watoto wa ndugu zetu wanaolala kwenye depo zetu na kuzilinda. Tupe ujasiri wa kuwaita tuwaulize lile swali, na mwezi ukiisha tuwalipe. Amina.