Sikio langu na diwani za Kampala

Nimelelewa na vina na mizani. Nafundisha Kiswahili hapa Kampala, na kwa muda mrefu shairi kwangu lilikuwa mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, basi. Lisilokuwa hivyo tuliliita guni, tukalipita. Hata Kichomi, diwani ya mashairi huru ya Mtanzania Kezilahabi, ya 1974, niliifundisha kama habari ya mgogoro wa vina na mashairi huru tu.

Kilichonigeuza ni kusikia. Mwenzangu kazini alinivuta National Theatre kuwasikiliza Lantern Meet of Poets, kundi la vijana lililoanza 2007. Vina sikuvisikia, lakini mapigo yalikuwepo: neno linarudiwa, msomaji anasita, ukumbi mzima unashusha pumzi. Kumbe mizani yao ipo kwenye pumzi. Baadaye nilipoishika The Headline That Morning ya Peter Kagayi (2016), niliisoma kwa sauti jikoni, ikakubali. Kwa macho peke yake ingenishinda.

Tangu hapo ndivyo ninavyosoma. Shairi moja jioni, kwa sauti, penseli mkononi, naweka alama pale pumzi inapokatika. Nikimaliza diwani naianza upya, safari hii mfululizo, maana mshairi hakuyapanga mashairi yake ovyo. Hilo nilifunzwa na 100 Days ya Juliane Okot Bitek: mashairi mia kwa siku mia za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ukichomoa moja utaliona jepesi. Yasome yakifuatana uone yanavyolemea.

Vitabu vyenyewe vinataka kutafutwa. Duka la Aristoc unaweza kubahatika; kwa waandishi wanawake, nenda FEMRITE, chama chao kilichopo Kamwokya hapa Kampala. Hao ndio waliochapisha The African Saga ya Susan Kiguli mwaka 1998, na bado ndiyo ninayompa mgeni wa mashairi kwanza, kwa sababu haimtishi. Harriet Anena yeye alijichapishia A Nation in Labour mwaka 2015, na mwaka 2018 akagawana Tuzo ya Wole Soyinka na Tanure Ojaide wa Nijeria. Wanaodharau vitabu vya kujichapishia wana la kujibu hapo. Ninachompendea Anena ni kwamba hasira yake ina mzaha ndani.

Kinachonipa kazi ni Kingdom of Gravity ya Nick Makoha (2017), aliyezaliwa Uganda akakulia ughaibuni. Ni kitabu cha zama za Amin. Wazee wetu wengi Kiswahili walikijua kwenye vizuizi vya barabarani, mdomoni mwa askari, na mama yangu hadi leo nikimsemesha kwa lugha hiyo hunijibu kwa Kiganda. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa Makoha hunikalisha jioni nzima, na mengine nayaruka nikirudia siku nyingine.

Sasa natafuta diwani ya mashairi huru ya Kiswahili iliyoandikwa na Mganda. Mwenye nayo aniuzie, au aniazime, nitairudisha.