Salk, La Jolla: nilivyopanga ziara na mahali pa kutulia zaidi

Taasisi ya Salk, kule La Jolla, San Diego, si makumbusho. Ni maabara za biolojia zenye watu kazini, kwa hiyo ziara huombwa mapema na usitegemee kuingizwa wanapofanyia majaribio. Niliweka nafasi kwanza, tiketi ya ndege ikafuata. Ukianza na ndege, waweza kukuta siku zako zimejaa.

Tarehe nayo ina uzito. Kifereji chembamba cha maji kinachokata uwanja ulio kati ya majengo mawili ya maabara kinaelekea magharibi, Bahari ya Pasifiki, na jua huzama kwenye mstari wake usiku na mchana vinapolingana, karibu na 20 Machi na 22 Septemba. Mei na Juni ukungu huweza kuifunika bahari hadi adhuhuri. Asubuhi jua liko mgongoni ukitazama baharini. Alasiri linakupiga usoni, na sakafu ya jiwe la travetini inaurudisha mwanga. Beba miwani ya jua. Kivuli cha mti hakuna: Louis Kahn, msanifu wa jengo hili, alifikiria kupanda miti, Luis Barragán, msanifu wa Meksiko, akamshauri uwanja ubaki mtupu.

Wengi hupiga picha ya kifereji wakaondoka, na hapo ndipo jengo linapowapita. Sogea ukutani. Utaona mistari iliyovimba pale mbao za fomu, yaani kalibu za kumiminia zege, zilipokutana, na vitundu vya vyuma vilivyoshikilia fomu vimezibwa kwa madini ya risasi. Plasta haikupakwa kuvificha. Zege lenyewe lina pozolana, aina ya majivu ya volkano, ndiyo maana rangi yake si ya kijivu kikavu. Paneli za mtiki ziliachwa bila rangi. Kuvu na hewa ya bahari vikazitia weusi, zikakarabatiwa kwa kushirikiana na Getty, taasisi ya uhifadhi, kazi ikakamilika 2017.

Muulize kiongozi habari za ghorofa za mabomba. Kila jengo lina ghorofa sita: tatu za maabara, na juu ya kila moja nyingine ya mabomba na nyaya. Mihimili ya Vierendeel, yaani fremu zenye matundu wazi zisizo na nondo za mshazari, ya mhandisi August Komendant, yenye kina cha mita 2.7 hivi, inavuka kama mita 20 bila nguzo katikati. Fundi hupita wima ndani ya ghorofa hizo za mabomba, akabadilisha bomba bila kuisimamisha maabara ya chini. Ndiyo sababu majengo ya 1965 bado yanapokea mashine za leo.

Ukidhani ghorofa ni chache, chungulia mashimo makubwa ya mwanga pembeni. Mbili ziko chini ya ardhi.