Taa Nane Zilizowaka Sawasawa

Mwaka 2013, katika ofisi moja ya uhasibu jijini Tanga, kompyuta ya mhasibu mkuu ilitusumbua kwa wiki tatu. Windows 7 iliwaka vizuri, na ipconfig /all, amri inayoonyesha mipangilio ya mtandao, ilisoma kila kitu sawa: anwani 192.168.1.34, lango 192.168.1.1. Barua pepe fupi zilikwenda. Ila akifungua faili la hesabu la megabaiti kumi na kitu kutoka kwenye seva, kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi, kiduara kinazunguka weee, kisha programu inasema imepoteza mawasiliano.

"Fundi, mtandao umegoma tena," mama mhasibu alikuwa akiniita, na kila mara aliongeza jambo ambalo sikulipa uzito: "Tena kiyoyozi kikiwashwa ndiyo unazidi."

Tulifanya yale ambayo kila fundi huanza nayo. Tulifuta draiva (programu inayoendesha kadi ya mtandao) na kuiweka upya, tukahamisha waya kwenye tundu jingine la swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao za ofisi, tukanunua kadi mpya kabisa. Hali ile ile. Nikachukua testa ya waya, ile ya vipande viwili yenye taa nane, nikachomeka kimoja kwenye soketi ya ukutani na kingine upande wa swichi. Taa zikawaka moja hadi nane, kwa mpangilio, pande zote mbili. Nikaandika kwenye daftari: waya mzima. Kosa lilikuwa hapo, na lilinigharimu siku nane nyingine.

Kilichonifungua macho ni ping, amri inayotuma pakiti za data kwa mashine nyingine na kuhesabu zinazorudi. Ile ya kawaida hutuma baiti 32 tu, na kwa seva yetu ilikuwa inarudi bila shida. Siku hiyo nikaandika ping -n 100 -l 1400 192.168.1.10, yaani pakiti 100 za baiti 1400 kwenda kwa seva. Pakiti 23 kati ya 100 zikapotea. Pakiti ndefu ina biti nyingi zaidi za kuharibika njiani, na biti moja tu ikiharibika, kadi inaitupa pakiti nzima. Ndiyo maana barua fupi zilipita na faili kubwa likakwama.

Nikabeba laptopu yangu hadi kwenye swichi, nikaunga kwa waya wa mita mbili: sifuri iliyopotea. Nikaiunga mezani kwa mama, kupitia soketi ya ukutani: 19 zimepotea. Kompyuta yake haikuwa na hatia.

Jaribio la mwisho lilikuwa kuishusha kadi kutoka 100 hadi 10 Mbps (megabiti kwa sekunde), kwa mawasiliano ya zamu, yaani upande mmoja unatuma mwingine ukisubiri. Nilichagua ya zamu makusudi, kwa kuwa swichi ikikutana na kadi iliyolazimishwa hujiweka kwenye zamu yenyewe. Ukilazimisha kutuma na kupokea kwa pamoja, pande mbili hazitaelewana na umejiongezea tatizo la pili. Upotevu ukakoma papo hapo. Waya unaobeba 10 ukashindwa 100, ilhali testa inausifu, una kasoro ambayo testa ya taa haiwezi kuiona.

Nikafungua skrubu mbili za soketi. Nyuzi zilikuwa zimepangwa vizuri kwa macho, kila rangi kando ya mwenzake: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, kijani, nyeupe ya buluu, buluu, nyeupe ya kahawia, kahawia. Upande wa swichi vivyo hivyo. Kwa testa, uzi wa tatu unafika wa tatu na wa sita unafika wa sita, basi. Lakini kwa mwendo wa 10 au 100, kompyuta hupokea kwa pini ya 3 na ya 6 zikiwa jozi moja, na jozi husokotwa ili kelele ya umeme inayoingia kwenye uzi mmoja iingie na kwenye mwenzake kwa kiasi kile kile, kisha zifutane. Hapa pini ya 3 ilishika nyeupe ya kijani na ya 6 ikashika buluu, nyuzi za misokoto miwili tofauti. Kelele hazikufutana. Na waya ule wa mita kama 35 ulipita kwenye mfereji mmoja na waya wa umeme wa kiyoyozi. Mama alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nilikata ncha zote mbili nikazipanga upya: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Sikufumua msokoto zaidi ya milimita 13, na upande wa swichi nilisukuma ganda la nje hadi ndani ya plagi ili libanwe pamoja na nyuzi. Nikairudisha kadi ijichagulie mwendo yenyewe, ikashika 100. Ping ile ile ya baiti 1400: mia zimekwenda, mia zimerudi.

"Washa kiyoyozi, mama," nikamwomba. Akawasha. Faili likafunguka kabla hajakaa sawa kitini.

Chumba kile kilikuwa na soketi nyingine tano, za fundi yule yule. Nikashika bisibisi na kwenda kwenye ya pili. Chungwa, kijani, buluu, kahawia, mbili mbili.