Mziki niliousoma kabla sijausikia

Jana nilikuwa napanga kabati nikakutana na ile Creem yangu ya 1976, gazeti la rock la Marekani, jalada lilishang'oka kitambo, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Niliinunua miaka ya tisini kwa wale jamaa wa kutandaza magazeti ya zamani kwa gunia hapo tao Nairobi, mmoja akaniambia mbao, yaani shilingi ishirini, tukabishana weee hadi akaachilia na shilingi kumi.

Sasa humo ndani mwandishi wao Lester Bangs anaisifu Metal Machine Music ya mwanamuziki wa rock Lou Reed, eti ndio albamu kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Na hawa wawili walikuwa paka na panya, wakiketi kwa mahojiano ni kurushiana matusi tu. Mimi kijana wa sekondari, redio ya nyumbani inapiga Lingala na Kenny Rogers, hiyo albamu nitaitoa wapi? Nikajipigia mwenyewe kichwani, zaidi ya miaka kumi, nikaiwekea madramu, mpaka kwaya nikaiwekea.

Halafu Yutubu ikakuja. Wueh! Ni magitaa yanalia yenyewe mbele ya spika zaidi ya saa nzima, hakuna wimbo, hakuna mtu anaimba, ni kama mashine ya posho imeachwa ikizunguka bila mahindi. Mama watoto akaniuliza kama friji imekufa. Nikarudi kusoma makala upya, kumbe nusu ya zile sifa ni utani na mimi nilizimeza kama dawa ya malaria. Sina kinyongo lakini, ile ya kichwani bado ni tamu.

Huyo Bangs alikuwa mtu wa vituko. Gazeti la Rolling Stone walimfuta kazi 1973 kwa kukosea wanamuziki heshima, huko Detroit kwa Creem akapanda jukwaani na J. Geils Band akiwa na taipureta, akaipiga kwa mdundo kama chombo kingine tu cha bendi. Alikufa 1982, miaka 33 pekee.

Wazee wenzangu wa rock hupenda kusema waandishi wa siku hizi hawajui kuandika. Hapo sikubaliani nao. Magazeti ya muziki ya Uingereza nayo, NME iliacha kuchapisha kila wiki 2018, Q ikafunga 2020, na si kwa sababu kalamu ziliisha wino, ni vile siku hizi wimbo unalia kwa simu kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, sasa mwandishi akuchoree nini? Creem yenyewe ilirudi 2022 na nimefurahi, ila mimi na wao tushajua kila kitu kinavyosikika.

Kuna ukurasa mmoja kwa hiyo nakala yangu mtu alikata picha na makasi, akaenda na nusu ya makala iliyokuwa nyuma yake. Imebaki sehemu ya kusifu mpiga dramu, jina la bendi liliondoka na picha. Naweza kulitafuta kwa simu dakika mbili tu. Nimelirudisha gazeti kabatini.