Nilivyojitobolea kadi ya mashine ya sweta

Nafuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, ile ya kusukuma kigari kushoto na kulia juu ya safu ya sindano. Ilikuja na kadi za plastiki zenye matundu, kila moja na ua lake. Mama mmoja mwenye chekechea aliponiletea mchoro wa almasi ndogondogo alizotaka zipite kifuani, hakukuwa na kadi iliyofanana nao. Nikanunua kadi tupu na koleo la kutobolea.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye karatasi ya miraba. Kadi yangu ina nafasi 24 kwa upana, na mchoro hujirudia kila baada ya sindano 24. Almasi ya mteja, pamoja na nafasi ya kuitenga na jirani yake, ilichukua miraba 10. Kumi haiingii kwenye 24 bila baki, kwa hiyo ya tatu ingekatika. Nikaichora upya kwa 8, zikakaa tatu kamili. Kwenye ncha za almasi zilibaki nafasi 7 tupu mfululizo, na hapo uzi mweupe ungening'inia nyuma ya sweta, vidole vya mtoto vinase kila anapovaa. Nikatia nukta moja katikati ya kila pengo.

Kisha nikatoboa. Penye tundu, sindano inafuma uzi mweupe. Pasipo na tundu, wa bluu. Kigari kikipita mara moja, kadi inasogea mstari mmoja.

Mashine yangu si ya umeme, lakini siku ile niliielewa kompyuta kuliko nilivyowahi kuielewa darasani. Mwaka 1804, mjini Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alikamilisha mtambo wa kufuma hariri kwa kadi. Kabla yake, nyuzi za maua zilivutwa kwa kamba na msaidizi, mara nyingi kijana, mstari kwa mstari. Kwa kadi, sindano iliyokuta tundu ilipita, na kulabu yake ikainua nyuzi za mtande, zile zinazokwenda urefu wa kitambaa. Iliyokuta sehemu isiyotobolewa ilisukumwa nyuma, nyuzi zake zikabaki chini. Wengine walishajaribu, Basile Bouchon kwa karatasi yenye matundu tangu 1725, ila wa Jacquard ndio uliosambaa.

Mwingereza Charles Babbage alikuwa na picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri, iliyohitaji kadi 24,000 hivi. Alichukua pia wazo la kadi kwenye usanifu wa mashine yake ya hesabu, ambayo hakuimaliza, na mwaka 1843 Ada Lovelace, mwanahisabati mwenzake, akaandika kwamba mashine hiyo ingefuma aljebra kama mtambo wa Jacquard unavyofuma maua na majani. Kwenye sensa ya Marekani ya 1890, Herman Hollerith alitumia kadi kuhesabu watu: pini iliyopenya tunduni iligusa zebaki, umeme ukapita, mshale wa kuhesabia ukasogea. Ni swali lile lile la sindano zangu, na ndilo la kompyuta, ndiyo au hapana: kuna tundu au hakuna?

Ndiyo maana kadi haijui rangi. Shule nyingine ilipotaka almasi hizo hizo kwa kijani na njano, sikuchora wala kutoboa chochote. Nilibadilisha nyuzi tu, nikaunga ncha mbili za kadi kwa vibanio ili izunguke yenyewe, nikaendelea kufuma.