Kioo kinachojua giza la ziwani

Jamani, kioo cha sebuleni hapa Mwanga, Kigoma, sasa kinajua mambo ya kwetu! Nyuma yake kuna skrini na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoendesha MagicMirror, programu huria ya kuonyesha taarifa kwenye kioo iliyoanzishwa na Michael Teeuw. Moduli (vipande vya programu) za kalenda na hali ya hewa zinakuja nayo, unajaza tu config.js, faili la mipangilio. Latitudo yetu ni -4.88, hiyo alama ya kutoa usiidharau, bila yake utaletewa mvua ya kaskazini mwa ikweta.

Utamu ni moduli ya mwezi niliyoandika mwenyewe. Si mnajua dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika? Basi nahesabu siku tangu mwezi mwandamo wa 6 Januari 2000, nagawanya kwa 29.53, yaani siku za mzunguko mmoja wa mwezi, baki ndiyo umri wa mwezi. Kisha getDom, sehemu ya moduli inayoandika kwenye kioo, inaandika "giza" au "mbalamwezi". Shemeji anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi siku hizi hapiti bila kukisoma.

Umeme ukikatika (na unakatika!), pm2, programu inayosimamia programu nyingine, inaiwasha MagicMirror upya ukirudi.

Sasa naandika moduli ya saa ya Kiswahili. Mama hataki kuona 13:00 wakati ni saa saba mchana.